Nilivyozipanga upya saa zangu Unguja

Kwetu Limuru, Kenya, asubuhi ni ya kukaa ndani. Ukungu hulala juu ya majani chai, mtu anajifunga sweta juu ya sweta, na safari ya soko au benki husubiri mpaka jua litoke, saa nne hivi. Nimekulia hivyo, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nilipopata kazi ya kufundisha Unguja nikapanga nyumba Bububu, chakula nilikizoea upesi na mavazi pia. Saa ndizo zilizonitaka nijifunze upya.

Niliingia Januari, kaskazi imeshika. Upepo huo huvuma toka Desemba hadi Machi, na ndio msimu wa joto kuliko yote visiwani. Nyuzi 32 mchana ni kawaida, na kwa unyevu wa bahari jasho halikauki mwilini. Ni fukuto, hata kivulini.

Mambo ya karatasi yalikwenda vizuri. Shule ilishughulikia kibali cha ukaazi, na laini ya simu niliisajili kwa pasipoti na alama za vidole. Cha muhimu zaidi ni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kila shehia ina sheha wake, na anayehamia lazima ajulikane kwake. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenipeleka, asubuhi kabla jua halijakaza. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaulizana hali ya nyumbani, ya wazee, ya safari, ndipo shida yangu ikatajwa. Nakushauri usiuruke utaratibu huo. Barua ya sheha utaihitaji mara nyingi kuliko unavyodhani, na mtu aliyekufahamu kwa salamu njema hukuandikia kwa moyo mweupe.

Sasa soko. Mchana mmoja nilimuaga mama mwenye nyumba, kikapu mkononi.

“Mama, nafika Darajani mara moja.”

“Na jua hili? Hebu kaa, mwanangu. Samaki wa saa hizi utamfanya nini? Kesho nitakugongea nikishasali alfajiri.”

Akanigongea kweli, kiza hakijaisha vizuri. Tulipanda daladala la 502 mpaka Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904 na ambalo hadi leo ndilo roho ya mji. Saa hizo hewa bado nyepesi, wauzaji wana subira, na samaki wametoka baharini usiku ule ule. Mama alimshika changu, akamfunua shavu kwa kidole gumba, ndani mekundu. Akamtazama jicho kama limetuna na kung'aa, au limezama na kuingia ukungu. Kisha akambonyeza mgongoni, nyama ikarudi pale pale. Wa pili alimbonyeza, alama ya kidole ikabaki. Alimrudisha mezani bila neno.

“Nipunguzie, baba, huyu mgeni wangu,” alimwambia muuzaji, na bei ikashuka. Tulichukua mtungo mzima, tukampa kijana anayepara samaki pembeni, na wakati maduka mengine yanaanza kufunguliwa sisi tulikuwa njiani kurudi. Nyumbani alinionyesha la kufanya umeme unapokatika na friji kuzima: chumvi na ndimu, halafu uwakaange wote siku ile ile. Kesho yake unawaunga kwa nazi, na mimi nawapenda zaidi hivyo kuliko wakiwa wabichi.

Tangu hapo Jumamosi zangu zina umbo lake. Alfajiri mpaka saa tatu ni za soko na kufua. Nguo nzito huanikwa mapema, na kabla ya adhuhuri nimeshaanua, maana jua la kaskazi hupausha rangi ya kanga mbele ya macho yako. Baada ya adhuhuri sitoki. Maduka mengi ya Mji Mkongwe nayo hufungwa, wenyewe wakala na kujinyoosha, yakafunguliwa tena baada ya alasiri. Kwetu anayelala mchana huulizwa anaumwa nini. Hapa natandika mkeka sakafuni, chini ya dirisha, nalala bila kuulizwa na mtu, na nikiamka nina nguvu za kusahihisha madaftari mpaka usiku.

Dirisha lenyewe linataka maneno yake. Ukitafuta nyumba, usitazame rangi ya ukuta wala marumaru. Simama katikati ya chumba mchana, fungua madirisha ya pande zote, usubiri. Kama upepo hauingii upande mmoja na kutokea wa pili, utalipa kodi ya nyumba na juu yake umeme wa feni usiku kucha. Uliza pia upepo unapogeuka kuwa kusi, kuanzia Aprili, unaingilia wapi, kwa sababu nyumba iliyo nzuri kwa kaskazi inaweza kuwa tanuri miezi mingine. Umeme tunanunua kwanza, wa Tukuza, yaani mita za kulipia kabla ya kutumia, na mimi huongeza jioni huku bado upo, ili usinikatikie saa nane za usiku.

Maji mtaani kwetu hupatikana zaidi usiku. Nilinunua pipa lenye mfuniko kabla ya kununua kabati, na sijajuta. Nalijaza kabla ya kulala, na asubuhi nina ya kuoga, kupikia na kufulia. Ya kunywa nachemsha jioni, maana kuwasha jiko mchana ni kujiongezea joto. Njiani nakunywa dafu. Muuzaji hukata kichwa kwa panga, unakunywa, kisha anakupasulia na kukuchongea kijiko kwa ganda lake ule ile nyama laini. Kunywa kabla hujasikia kiu, hasa wewe uliyetoka bara yenye baridi.

Ijumaa panga mambo yako yaishe mapema, kwani ikikaribia sala ya Ijumaa mji husimama.

Ramadhani ndiyo inayoligeuza jedwali lote. Mchana mikahawa mingi hufungwa na watu hawali barabarani, na hata asiyefunga huheshimu hilo. Asubuhi mitaa ni mitulivu. Baada ya alasiri ndipo soko linapofurika, watu wanagombea majimbi, mihogo, ndizi mbichi na tambi za futari, na sisi wengine tunapata shida ya kupita. Mimi siendi saa hizo. Magharibi ikiadhiniwa, mtoto wa mama mwenye nyumba hugonga na sahani iliyofunikwa kawa, na sahani hairudi tupu. Mara ya kwanza niliirudisha na mukimo wa kwetu, viazi na mahindi na majani ya maboga vilivyopondwa pamoja. Siku ya pili mtoto akaja na ujumbe: “Mama anasema umfundishe.” Tukapika jikoni kwake baada ya tarawehe, tumefungua milango yote.

Mchele, unga wa ngano, sukari na tende sasa nanunua Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, asubuhi na mapema, kabla msongamano haujaanza.