Kuondoka mlimani

Anayejifunza gari la manyuo, lile la kubadilisha gia kwa mkono, hapa Newala haukwepi mlima. Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Ukiushuka uwanda, ujue wakati wa kurudi utaupanda. Mtwara mjini unaweza kuendesha tambarare siku nyingi bila kukutana na jaribu hili: gari limesimama katikati ya mlima, pua imeangalia juu, nyuma kuna watu, nawe unatakiwa uondoke bila kurudi nyuma.

Leo jioni nilikuwa huko na mpwa wangu. Alijifunzia Dar, kwenye gari la otomatiki, kama vijana wengi wa siku hizi. Kule ukitoa mguu kwenye breki gari linajivuta lenyewe. Kwenye pikapu yangu ukitoa breki kabla klachi, ile inayounganisha injini na magurudumu, haijashika, hakuna kinachozuia magurudumu. Uzito unalivuta chini.

Nilimwanzishia na hendibreki. Wapo madereva wanaosema hiyo ni njia ya wanafunzi, wao mguu unaruka haraka kutoka breki kwenda kwenye mafuta. Sikubaliani nao hata kidogo. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma na kukuachia miguu yote miwili kwa kazi mbili tu, klachi na mafuta. Unaivuta, unaweka namba moja, unakanyaga mafuta mpaka injini ipandishe sauti, kisha unaachia klachi polepole mno. Kuna mahali diski ya klachi inaanza kushika. Sauti ya injini inazama, mkia wa gari unakaa chini, pua inainuka kidogo. Mguu wa klachi utulie hapohapo.

"Mjomba, mbona linatetemeka?"

"Linataka kwenda, mama. Ongeza mafuta kidogo, shusha hendibreki."

Likazima. Tukawasha tena. Nyuma bajaji ikaanza kupiga honi mfululizo, na binti wa watu akawa anauharakisha mguu, kitu ambacho ndicho kinazima gari. Hili linaniuma. Dereva mwenzangu, ukimkuta mtu amesimama mlimani, kaa mbali naye, mpe nafasi ya kurudi nyuma kidogo, na honi iache. Ukimbana, hata wewe huna pa kwenda akiteleza.

Alipoacha kuisikiliza honi akaisikiliza injini, gari lilipanda. Kwenye changarawe magurudumu yalichimba kidogo kwa sababu mafuta yalizidi, lakini halikurudi nyuma. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza.

Nikamkataza jambo moja: kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi huku anachezea mafuta. Wanaofanya hivyo wanaonekana mafundi, lakini diski inasuguana muda wote huo, inapata moto, na ile harufu ya kuungua ni klachi inakwisha. Kama foleni haisogei, weka fri, yaani toa gia, vuta hendibreki, subiri.

Msimu wa korosho ukifunguliwa, pikapu itakuwa na magunia nyuma, na mafuta ya leo hayatatosha kuliondoa. Kabla ya Oktoba nataka tupakie mifuko ya mchanga, turudi kwenye mlima uleule, atafute upya mahali klachi inaposhika gari likiwa na mzigo.