Kasha la zana, bila mashine hata moja

Hatimaye kasha langu la zana limesimama! Msumeno, randa, patasi na nyundo tu; umeme ulikuwa wa taa.

Kupasua mbao sina la kusimulia, ni jasho tu. Utamu uko kwenye fremu. Nilichimba matundu kwanza, kisha nikazichonga ndimi, zile ncha za mbao zinazoingia humo, kufuata matundu hayo, unene wake theluthi ya ubao. Ulimi ukikataa, unaupunguza kwa patasi kidogo kidogo mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukiulazimisha kwa nyundo, fremu inapasuka.

Paneli zenyewe, yaani mbao pana zinazojaza fremu, hazina gundi hata tone. Zimekaa ndani ya mfereji wa fremu, zinacheza. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana kufuata unyevu wa hewa, ila kwa urefu ni kama haubadiliki. Ukiubana pande zote utapasuka tu. Na zipake mafuta kabla ya kuzifungia, la sivyo zikisinyaa utaona mstari mkavu pembeni.

Wanaosema randa ya mkono imepitwa na wakati, waje wapapase huu mfuniko. Msasa haujaugusa. Zimebaki bawaba, na mke wangu ameshaanza kuuliza kama mablanketi yataenea humo.