Stima ya mama

Watu wangu wa Kisumu, hii kitu imenikalia rohoni tangu jana. Mama anaishi peke yake huku Manyatta, vitu zake za stima ni balbu mbili, redio na simu ya kuchaji, basi. Lakini mwenye ploti anachukua 500 ya stima kwa kila mlango, utumie usitumie. Jana akanitolea kidaftari chake, ameandika 500, 500, 500 kwa kalamu nyekundu, hata ule mwezi mama alikuwa Bondo wiki tatu kwa matanga na mlango umefungwa.

Ile 150 ya kila mwezi tulikuwa tunakatwa na Kenya Power hata kama hujawasha taa iliondolewa 2018, na mimi nikajua hiyo mambo iliisha, kumbe kwa ploti bado iko. Na tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya mwenye hapitishi yuniti 30 kwa mwezi, wanaangalia wastani wa miezi mitatu, ukipita unapanda, ukipita 100 unapanda tena. Sasa milango nane mita moja, kuna mtu na friji, mwingine pasi kila asubuhi, mama atapata hiyo bei aje? Ananunuliwa tokeni za bei ya juu na hata yuniti kumi hamalizi. Inaniuma sana.

Nimeongea na mwenye ploti kwa heshima, amekubali tuweke mita ndogo kwa mlango wa mama nikinunua mwenyewe. Bei haitashuka lakini angalau atalipa zake tu. Fundi anakuja Jumamosi.