Fundi kaharibu bafu Uingereza? Usimlete mwingine kwanza

Kwetu fundi akiboronga tunamfokea, tunamkata hela, kesho analetwa mwingine. Uingereza ukifanya hivyo unajikata mwenyewe. Fundi wa pili akishabandua vigae, ushahidi umekwenda navyo jalalani, na wa kwanza atadai kazi aliiacha salama.

Anza na uchunguzi. Nachukua bafu, maana ndiko wengi wetu tunakoumia. Gonga kila kigae kwa sarafu. Kilichoshika vizuri kinatoa mlio mzito. Chenye uwazi nyuma kinalia kama debe tupu. Mara nyingi fundi kaweka gundi madonge matano, manne pembeni na moja katikati, badala ya kuitandaza ukutani kote kwa mwiko wa meno. Grauti, ule ujazo wa mianya kati ya vigae, haizuii maji. Yanapenya, yanatuama kwenye ule uwazi, jipsamu ya ukuta inalainika, kigae kinaachia. Ndiyo maana ukuta wa shawa hupakwa utando wa kuzuia maji kabla ya kigae cha kwanza. Muulize fundi aliupaka lini, na ana picha?

Tazama kona pia, na pale vigae vinapokutana na beseni la kuogea. Hapo panataka silikoni inayonyumbuka, si grauti. Beseni likijaa maji hushuka kidogo, na grauti ngumu lazima ipasuke. Kama vigae ni vizito, kumbuka jipsamu bodi tupu hubeba kilo 32 kwa mita ya mraba, iliyopigwa plasta kilo 20 tu, gundi na grauti zikiwemo.

Piga picha na video ya ule mlio, kisha andika. Usipige simu, andika, hata kwa WhatsApp: kazi gani, ilikamilika lini, ulilipa kiasi gani, kasoro ziko wapi, na unamtaka arudie kwa gharama yake. Mpe tarehe, siku 14 za kujibu zinatosha. Sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inataka kazi ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Isipofanywa hivyo, arudie. Ikishindikana kurudiwa, au akichelewa kupita kiasi, unadai punguzo, hata la bei yote.

Akikaidi, mlete fundi mwingine aandike ripoti na makisio ya gharama bila kubandua kitu. England na Wales, madai ya hadi pauni 10,000 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, na kwa kawaida una miaka 6 ya kufungua kesi. Scotland ni pauni 5,000 na miaka 5.

Kama kazi ya zaidi ya pauni 100, isiyozidi 30,000, uliilipia kwa kadi ya mkopo, hata advansi tu, idai benki: inawajibika sawa na fundi. Ulimlipa keshi ndugu wa msikitini au kanisani bila karatasi? Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Zile meseji za bei usizifute.

Gesi haingoji hatua hizi. Aliyegusa boila ya gesi bila kuwa kwenye rejista ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kavunja sheria. Usimruhusu arudi kurekebisha. Ukisikia harufu, funga gesi kwenye mita, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje na upige 0800 111 999.