Nyama za paja, unazijua au unazisikia tu kwenye mpira?

Walimu wenzangu wa jimu hapa Dodoma naomba tuongee kidogo. Toka serikali ihamie huku wateja wamekuwa wengi, mtu anashinda amekaa kwenye kiti kule Mtumba kwenye ofisi za serikali wiki nzima, jumamosi anakuja kwako anataka kitambi kiishe kabla ya harusi ya shemeji yake, na wewe siku ya kwanza tu unampa skwati mia halafu unamtoa mbio barabarani. Akilalamika unamwambia vumilia, ndo mazoezi yanaingia. Jamani.

Tuanze na nyama za paja kwa nyuma maana ndo zinazochanika kila siku. Ni misuli mitatu, hamstringi, inaanzia kwenye ule mfupa wa makalio tunaoukalia na inashuka mpaka chini ya goti, kwa hiyo karibu yote inapita viungo viwili, nyonga na goti. Sasa mtu akikimbia kasi mguu ukiwa unaenda mbele nyonga imekunjwa na goti linanyooka, msuli unavutwa juu na chini kwa wakati mmoja na bado unatakiwa ufunge breki mguu usirushwe. Hapo ndo unachanika, mara nyingi ule wa upande wa nje, baisepsi ya paja. Mtu wa ofisini ambaye hajakimbia toka sekondari unamwambia apige sprinti unategemea nini?

Maumivu ya kawaida ya mazoezi yanakuja baadaye, kesho yake au keshokutwa, yanasambaa msuli mzima na kwa kawaida miguu yote miwili. Msuli uliochanika unauma palepale katikati ya zoezi, mguu mmoja, sehemu mteja anaweza kukuonyesha kwa kidole. Ukiona pamevilia damu, pamebonyea au hawezi kukanyaga, hospitali, usijifanye daktari.

Afu hii tabia ya kukanda na maji ya moto na kuchua kwa nguvu dakika hiyohiyo ameumia sijui nani katufundisha, ndani damu bado inavuja na wewe unaiongezea. Funga bandeji, inua mguu, pumzisha siku chache kisha aanze kuutembeza taratibu. Barafu inapunguza maumivu ila siyo lazima, hata Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza habari ya barafu mwaka 1978, baadaye mwenyewe alikuja kusema inaweza kuchelewesha kupona.

Na kitu kimoja cha haraka: mteja akikwambia baada ya mazoezi makali mkojo umekuwa mweusi rangi ya kola, misuli imevunjika na uchafu wake unaenda kwenye figo. Usiishie kumwambia anywe maji mengi, aende hospitali leoleo.

Kinga yenyewe wengi hawaipendi kwa sababu haina mbwembwe. Mteja anapiga magoti kwenye mkeka, unamshikilia vifundo vya miguu, anashuka mbele taratibu mwili umenyooka mpaka mikono iguse chini. Inaitwa Nordiki, inaupa msuli nguvu ukiwa unarefuka, na wachezaji wa mpira wanaoifanya wanaumia nyama za paja mara chache zaidi. Anza na mara tatu nne tu, na ijaribu mwenyewe kwanza kabla hujampa mtu.