Mama anauliza, udaktari unaanza lini?

Kila Jumapili nikipiga simu Morogoro mama lazima aulize, we mwanangu huo udaktari unaanza lini, namwambia bado mama, kwa sasa niko na watoto wenye usonji, ananyamaza kidogo alafu, "Yaani umeenda hadi Marekani kulea watoto wa watu?" Sasa nimjibu nini jamani, maana kwa nje ndo inavyoonekana, nashinda sakafuni napuliza mapovu ya sabuni.

Huku huingii kusomea udaktari ukitoka fomu siksi kama nyumbani, unamaliza digrii kwanza, unapiga MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, na wanataka waone umeshakaa karibu na watu wanaohitaji msaada. Mimi nikaangukia ABA, tiba ya tabia kwa watoto wenye usonji, cheo chetu RBT, ndo sisi tunaokaa na mtoto moja kwa moja. Kuingia si kazi, uwe na miaka 18, cheti cha sekondari, kozi ya masaa 40, unapimwa kwa vitendo, alafu mtihani wa maswali 85 kwa dakika 90. Mshahara tusiuongelee.

Kuna dogo wa miaka mitano, haongei. Karibu kila mchana ananing'ata, na mimi naandika tu kwenye tableti, kang'ata, kang'ata, kapiga kichwa ukutani. Supavaiza akaangalia zile data akaniuliza swali moja, kabla ya hapo kulikuwa na nini? Sikuwa na jibu. Kesho yake nikakaa chonjo, kumbe ni mashine ya kukaushia mikono, choo kiko nyuma ya ukuta wetu, ikinguruma tu dogo anaziba masikio na dakika mbili haziishi meno yake yameshafika mkononi kwangu. Tukahamia chumba cha mwisho wa korido, tukaanza kumfundisha atupe kadi yenye picha ya hedifoni akitaka kuziba kelele. Wiki ya tatu akanivuta mkono, akanibandikia ile kadi kiganjani, akasubiri. Sitawadanganya, nilienda kulia kwenye gari.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Wapo watu wazima wenye usonji wanaosema ABA iliwaumiza, na siwezi kuwabishia, Lovaas, mmoja wa walioanzisha tiba hii, pale chuo kikuu cha UCLA miaka ya 1960 alitumia hadi makofi na shoti ya umeme kwa watoto. Siku hizi kliniki kwetu hamna hayo, lakini nilishapewa lengo la kumfundisha mtoto aniangalie machoni nikajiuliza, kwa faida ya nani? Mimi mwenyewe nimelelewa kwamba mtoto anayemkazia macho mkubwa hana adabu! Nikamwambia supavaiza, akacheka, ila lile lengo likatolewa.

Kwenye MCAT yenyewe imenisaidia sehemu moja, saikolojia, maswali ya Skinner, yule mwanasaikolojia wa tabia, na mambo ya zawadi nayajibu huku nasinzia. Fizikia ndo inaninyoosha.

Jumapili iliyopita nikamhadithia mama ile ya kadi. Kimya. Alafu akaniuliza, yule mtoto wa jirani, yule wanayesema ana majini, wanamfungia ndani wageni wakija, naye ndo hivyohivyo? Nikamwambia mama mimi sijawa daktari, siwezi kusema kwa simu, ila akianza kupiga kelele, kabla yake kunakuwa na nini?

"Mh. Ngoja kesho nipite nikaulize."