Mkono wa kuume wa mdogo wangu

Jumatatu jioni mdogo wangu alirudi nyumbani shati likiwa limekataa kuvuka mkono. "Yaya, angalia," akaniambia. Mkono wa kuume ulivimba kuanzia begani mpaka vidoleni, kucha zimekuwa za bluu, na juu ya kifua, karibu na bega, kulikuwa na mishipa iliyochomoza ambayo sijawahi kuiona kwake. Siku tatu mfululizo alikuwa akiponda mawe ya volkeno kwa nyundo kubwa, msingi wa nyumba ya mtu huku Ndosho.

Mama jirani akanong'ona: karuho, yaani sumu. Sikumkasirikia. Hapa Goma kijana mwenye nguvu akivimba ghafla bila jeraha, watu hufikiria sumu kwanza.

Kesho yake dokta alimpima kwa ekografia (ultrasaundi): damu imeganda ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, chini ya mtulinga. Akatuchorea kwenye karatasi. Damu ikitoka mkononi kurudi moyoni hupita katika upenyo mdogo kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Mtu akiinua mkono juu ya kichwa mara mamia kwa siku, misuli ya pale hunenepa na upenyo kupungua. Nyundo ikipanda, vena inabanwa. Ukuta wake wa ndani unachubuka, unapona kwa kovu, unachubuka tena, mpaka siku moja damu inashika palepale. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi vijana, hasa kwenye mkono wanaoutegemea: waogeleaji, wanyanyua vyuma, wapaka rangi za dari. Daktari James Paget wa Uingereza aliueleza mwaka 1875. Mwaka 1884 daktari mwingine, von Schrötter, kule Vienna, akasema chanzo ni vena kuumizwa na kazi ya misuli. Zaidi ya miaka 100, na sisi tulikuwa hatujausikia.

Kinachoniuma ni hiki: wiki mbili kabla alilalamika kwamba jioni mkono unakuwa mzito. Nilimwambia ni uchovu, nikamkanda kwa mafuta, kwa nguvu. Kumbe bonge la damu likimeguka linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. Nilipomsikia dokta akisema hivyo, nilikunja mikono yangu mapajani.

Sasa anachomwa sindano za kuzuia damu isigande. Dokta ametaja pia upasuaji wa kuondoa ubavu ule wa kwanza, mdogo wangu akanyamaza muda mrefu. Leo amekula bugali kwa mkono wa kushoto, wa kuume umelala juu ya mto, akaniuliza nani atamalizia mawe ya watu.